Boti Inapokosa Nguvu Katikati ya Ziwa: Mafuta, Cheche, Maji au Propela?

Kaunti ya Kakamega haina ufuo hata wa hatua moja, lakini inakula ziwa kila siku. Omena wanaopimwa kwa gorogoro sokoni mjini Kakamega na mbuta wanaokaangwa Mumias na Butere hutoka fuo kama Port Victoria, Usenge na Dunga, na boti zinazowaleta ufuoni husukumwa na injini ndogo zinazofungwa tezini. Injini hizo zikiugua, gharama ya ugonjwa hulipwa na mvuvi kwanza, kisha na mnunuzi aliye mbali na maji.

Kuna ugonjwa mmoja ambao umezua ubishi zaidi kuliko magonjwa mengine. Injini inawaka kwa mvuto wa kwanza, inanguruma bila kasoro boti ikienda taratibu, lakini nahodha akifungulia mafuta hadi mwisho nguvu zinakatika baada ya dakika chache. Akipunguza, injini inatulia. Akiongeza, inalegea tena. Mwenye boti humlaumu muuza petroli. Muuza petroli humlaumu fundi. Fundi humlaumu nahodha kwa kupakia kupita kiasi, naye nahodha huapa kwamba spea walizouziwa ni feki. Shida ni kwamba yeyote kati yao anaweza kuwa anasema kweli, kwa hiyo kila mmoja hushikilia lake, plagi zinabadilishwa, kabureta inafunguliwa, koili mpya inanunuliwa, na boti ikirudi majini ugonjwa uko palepale.

Injini ya usawa wa bahari, ziwa la nyanda za juu

Kabla ya kumtafuta mkosa, ni vyema kujua injini yenyewe inadaiwa nini. Zinazotumika sana Ziwa Victoria ni zile za mipigo miwili, hasa Yamaha Enduro, za nguvu za farasi 15, 25 na 40. Hazina mambo mengi: petroli huchanganywa na oili ndani ya tangi, na mchanganyiko huo huo ndio unaochomwa na ndio unaolainisha pistoni na beringi. Hakuna oili nyingine ndani ya sehemu ya moto. Jambo hili litarudi mbele, kwa sababu ndilo linaloamua ni dai lipi lishughulikiwe kwanza.

Ziwa lenyewe liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na mafundi wana kanuni ya kukadiria: injini isiyo na kisukuma hewa hupoteza kama asilimia tatu ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa hesabu hiyo injini iliyoandikwa farasi 40 kiwandani hutoa kama farasi 35 tu ikifika Kisumu. Mombasa ingetoa zote. Isitoshe, kabureta iliyopimwa kwa hewa nzito ya pwani humimina petroli nyingi kidogo kuliko inavyohitajika katika hewa nyepesi, isipokuwa jeti yake kuu ibadilishwe kwa ndogo zaidi. Yaani kabla hata ya kuugua, injini ya ziwani imeshakatwa zaka.

Halafu kuna hesabu ya propela, ambayo wengi huikosa. Nguvu inayodaiwa na propela haipandi sambamba na mizunguko yake. Hupanda kwa kasi kubwa zaidi, kiasi kwamba propela inayozunguka kwa nusu ya mizunguko yake ya juu hudai takriban moja ya nane ya nguvu tu. Hapo ndipo siri yote ya ugonjwa huu ilipo. Injini iliyopoteza theluthi nzima ya uwezo wake itakwenda mwendo wa kati bila kulalamika, kwa kuwa haijaombwa kitu. Itaumbuka siku ya kuombwa kila ilicho nacho. Kwa hiyo kusema "lakini inawaka vizuri" si ushahidi wa lolote, ingawa ndiyo kauli ya kwanza kutolewa katika kila mzozo.

Swali linalotangulia yote

Madai yote yanayoshindana yanaweza kugawanywa mafungu mawili kwa sikio tu, bila spana. Boti inapopoteza mwendo, sauti ya injini inashuka au inapanda?

Sauti ikishuka, mizunguko imepungua: injini imenyimwa kitu, au imeelemewa. Hapo washukiwa ni mafuta, cheche, joto na mzigo. Sauti ikipanda ghafla na kuwa kali huku boti ikisita, injini ina nguvu zake zote ila hazifiki majini. Hapo mshukiwa ni propela, au namna injini ilivyofungwa. Kumfungulia kabureta mgonjwa wa fungu la pili ni kumtibu macho mwenye maumivu ya goti, na bado hufanyika, kwa sababu fundi hupewa taarifa ya maneno mawili, "haina nguvu", na hakuna anayemuuliza nahodha alisikia nini.

Nahodha ndiye shahidi pekee. Wakati wa ugonjwa alikuwa ameshika usukani. Inasikitisha kwamba katika mpangilio wa malipo ya ufuoni yeye mara nyingi ndiye asiyeulizwa.

Dai la mafuta

Dai hili ndilo lenye wafuasi wengi na lina haki ya kuwa nao. Injini ya farasi 40 ya mipigo miwili ikifunguliwa hadi mwisho hunywa kama lita 15 hadi 20 kwa saa, ilhali ikizunguka bila kazi hainywi hata lita mbili. Njia ya mafuta iliyobanwa nusu itapitisha lita mbili bila taabu na kushindwa kupitisha 18. Kabureta hubaki na akiba ndogo kwenye bakuli lake, na ndiyo maana nguvu hazikatiki papo hapo. Injini hutimka kwanza, humaliza akiba, kisha hulegea.

Mahali pa kubanwa ni pengi, na pa kwanza ni pa kuchekesha. Tangi la kubebeka lina skrubu ndogo ya hewa juu ya kifuniko. Ikisahauliwa imefungwa, petroli inayotoka haiachii nafasi hewa kuingia, ombwe hujengeka ndani, na pampu ya injini hushindwa kuvuta. Boti nyingi hutumia jerikeni ya kawaida iliyotobolewa tundu la kupitisha paipu, na tundu la hewa likizibwa kwa kitambaa ili mawimbi yasimwagie maji ndani, matokeo ni yale yale. Kipimo chake hakigharimu kitu: legeza kifuniko injini inapolegea, sikiliza kama hewa inaingia kwa mluzi, kisha ongeza mafuta tena.

Baada ya tangi kuna kile kimpira cha kubonyeza katikati ya paipu, na kwa anayejua kukitazama kinaeleza mengi. Boti ikiwa kwenye kasi, kimpira kikisinyaa na kubonyea chenyewe, kizuizi kiko kabla yake, upande wa tangi: hewa, chujio la ndani, au paipu iliyokunjika. Kisiposinyaa lakini ukikibonyeza kwa mkono nguvu zikarudi, basi pampu ya mafuta iliyo kwenye injini imechoka, mara nyingi kwa kiwambo chake kupasuka au kukakamaa, au kuna mahali paipu inanyonya hewa. Ukibonyeza na lisibadilike lolote, tuhuma inahama: tafuta uchafu ndani ya kabureta, au acha mafuta uangalie cheche. Paipu nazo zina hila yake. Zile za bei nafuu huachana tabaka kwa ndani, ngozi ya ndani ikawa kama vali inayojifunga petroli inapovutwa kwa nguvu, na kwa nje paipu inaonekana nzima kabisa.

Mpaka hapo tunazungumzia wingi wa mafuta. Ubora wake ni kesi nyingine, na ndiyo inayochochea hasira. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko petroli na dizeli nchini Kenya, na tofauti hiyo ilimvutia kila aliyetaka faida ya haraka. Mwaka 2018 serikali ilitoza mafuta ya taa ushuru maalumu wa shilingi 18 kwa lita ili kuua biashara ya kuchanganya. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei za mafuta kila tarehe 14 na kukagua vituo kwa kutumia alama inayotiwa ndani ya mafuta. Hatua hizo zina maana kituoni Kakamega au Kisumu. Ufuoni hali ni tofauti, kwa kuwa petroli hufika huko ndani ya jerikeni, imeshapita mikono miwili au mitatu, na kinachouzwa kwa chupa chini ya mwavuli hakina pampu ya kukaguliwa.

Mafuta ya taa yakiingia kwenye injini ya petroli, dalili yake ni ile ile tunayoichambua. Kwa mwendo mdogo hakuna kitu. Kwa kasi, chini ya mzigo, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati, injini hugonga, joto hupanda, na nguvu hupungua. Zipo injini zilizoundwa kutumia mafuta ya taa, nazo hubana hewa kwa kiwango cha chini zaidi makusudi. Ile ya kawaida haikuundwa hivyo, na juu ya pistoni yake hutokea shimo. Anayetaka kujua alichouziwa adondoshe tone kwenye karatasi nyeupe kabla ya kutia oili. Petroli safi huruka bila kuacha doa, mafuta ya taa huacha duara la grisi. Maji nayo huonekana kwa kujaza chupa angavu na kuiacha itulie, maana yatakaa chini.

Kuna jambo moja la kuwatetea wauza petroli. Kosa la oili huwa mara nyingi la mwenye injini. Kipimo cha 50 kwa moja ni mililita 400 za oili kwa jerikeni ya lita 20, na kipimo cha 100 kwa moja ni mililita 200. Kila injini ina chake, nacho kimeandikwa kwenye kitabu chake. Ufuoni oili hupimwa kwa jicho. Anayezidisha akidhani analinda injini hujaza masizi kwenye plagi na milango ya moshi, akaja kulalamika kwamba petroli ni mbaya. Ghana serikali huuzia wavuvi mafuta yaliyokwisha kuchanganywa, tena kwa ruzuku, na hilo huondoa kubahatisha. Limeleta pia magendo ya mafuta hayo, kwa hiyo si dawa ya bure.

Dai la cheche

Hili hupendwa na mafundi waliokulia kwenye bodaboda. Wana sababu: plagi ni rahisi kufungua, bei yake ni ndogo, na mara nyingine mabadiliko huonekana papo hapo. Injini ya silinda mbili ikipoteza cheche ya silinda moja haipotezi nusu ya nguvu, hupoteza zaidi, kwa sababu silinda hai hulazimika kumburuta mwenzake aliyekufa.

Udhaifu wa dai hili ni kwamba hitilafu nyingi za cheche hazingoji kasi. Plagi mbovu kwa kawaida hukohoa hata kwa mwendo wa chini. Zinazofaa kushukiwa hasa ni hitilafu za joto: koili yenye ufa, au kisanduku cha CDI kinachoendesha cheche, vinavyofanya kazi vikiwa baridi na kugoma vikipata moto. Mgonjwa wa aina hii huenda dakika 15 vizuri, hukatika, hupumzishwa, kisha huamka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hapa pana mtego unaostahili kutazamwa kwa makini, kwani tangi lisilopumua nalo huonyesha dalili hiyo hiyo. Injini ikizimwa, hewa huingia polepole kupitia upenyo wowote, ombwe huisha, na baada ya dakika kumi injini huwaka kwa furaha. Fundi anayesikia "ikipumzishwa inapona" hukimbilia koili, kumbe ni skrubu ya hewa. Namna ya kuwatenganisha ni jinsi nguvu zinavyoondoka. Cheche hukatika kama taa iliyozimwa, mara ipo mara haipo. Mafuta huondoka kwa kufifia, injini ikisita na kuvuta pumzi kabla ya kulegea.

Plagi zenyewe zikisomwa mara baada ya injini kuzimwa ikiwa kwenye kasi zina ushahidi mzuri. Kahawia hafifu ni afya. Nyeupe kama chokaa ni njaa ya petroli au joto. Nyeusi yenye umajimaji ni petroli isiyochomeka, yaani cheche dhaifu au oili nyingi. Ila zisomwe hapo hapo majini. Plagi iliyorudi ufuoni kwa mwendo wa taratibu nusu saa imeshabadili rangi, na inaeleza habari za safari ya kurudi.

Kuna kisa kingine cha cheche ambacho hakiuzwi dukani. Katika injini nyingi za kabureta, waya wa mafuta hufungua kabureta na wakati huo huo kusogeza wakati wa cheche mbele. Kiungo kidogo kati yao kikilegea, kabureta hufunguka yote huku cheche ikibaki kwenye saa ya mwendo wa chini. Mtu anaweza kununua plagi za mwaka mzima bila kukigundua.

Maji ya kupoza, magugu na tope la Nzoia

Injini hizi hupozwa kwa maji ya ziwa, yanayovutwa na pampu ndogo yenye impela ya mpira iliyo chini karibu na propela. Maji yakipungua, joto hupanda kwanza kwenye kasi. Injini za kisasa hulia king'ora na kujipunguzia mizunguko zenyewe, jambo ambalo asiyejua hulisoma kuwa hitilafu ilhali injini inajiokoa. Zile za kizamani hazina adabu hiyo. Huendelea mpaka pistoni ivimbe na kuanza kushika.

Kwa upande wa Kenya hili lina uzito wa pekee. Magugu maji yaliingia Ziwa Victoria karibu na mwaka 1990, yakafunika sehemu kubwa ya Ghuba ya Winam mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini, na licha ya wadudu walioletwa kuyala, hurudi kila mara. Mizizi yake huziba matundu ya kuingizia maji na kujisokota kwenye shafti ya propela.

Na hapa Kakamega inaingia kesini kama mshtakiwa. Mto Nzoia hupita katika kaunti hiyo ukikusanya udongo wa mashamba, ukapita kando ya Mumias na kumwaga ziwani Bunyala, karibu na Port Victoria. Msimu wa mvua maji ya mdomo wa mto huwa na rangi ya chai ya maziwa. Mchanga laini uliomo hukwaruza makucha ya impela na kikombe cha chuma kinachoizunguka, mpaka pampu inayotosha kwa mwendo mdogo ishindwe kutosha kwa kasi. Mvuvi wa Bunyala anabadilisha impela mapema kuliko kitabu kinavyosema kwa sababu ya mmomonyoko uliotokea kilometa nyingi juu yake. Hili halitatuliwi na fundi.

Jambo la kuangalia ni mchirizi wa maji unaotoka ubavuni mwa injini. Ukiwa dhaifu, ingiza waya mwembamba kwenye tundu lake kabla ya kufungua pampu, maana mara nyingi ni tundu lenyewe lililozibwa na matope. Mchirizi ukiwa na nguvu na kichwa cha injini kikashikika kwa mkono kwa sekunde kadhaa, dai la joto linaweza kuwekwa kando.

Propela na mzigo

Dai hili lina watetezi wachache kuliko linavyostahili. Propela hutajwa kwa vipimo viwili, kipenyo na hatua, hatua ikiwa umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapenya kitu kigumu. Hatua ndefu huleta mwendo kwa boti nyepesi. Hatua fupi hubeba mzigo. Inchi moja ya hatua hubadilisha mizunguko ya juu kwa takriban 150 hadi 200 kwa dakika, na injini nyingi za daraja hili hutakiwa zifike kati ya 4,500 na 5,500 zikifunguliwa hadi mwisho.

Sasa unganisha mambo. Injini imepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa mwinuko. Boti ni ya mbao, na mbao zilizokaa majini miezi zimenyonya maji na kuongeza uzito ambao hakuna aliyeupakia. Juu yake kuna barafu, nyavu, samaki au abiria wa visiwa vya Mfangano na Mageta. Propela ni ile iliyokuja na injini, iliyochaguliwa kwa boti nyepesi ya bahari. Injini kama hiyo haina ugonjwa wowote. Imeelemewa tu, na haitafika mizunguko yake hata ikibadilishiwa kila spea. Kuiacha ikikokota hivyo kila siku hujaza masizi na kuipandisha joto, kwa hiyo baada ya muda ugonjwa wa kweli huzaliwa kutokana na ule wa kudhaniwa.

Anayepunguza hatua ya propela hupata nguvu ya kubeba, na akirudi mtupu injini huzunguka kupita kiwango. Anayebakiza hatua ndefu hufika haraka siku ya mzigo mdogo. Hakuna propela ya kazi zote mbili, na boti inayokwenda tupu na kurudi imejaa italazimika kuegemea upande mmoja. Kwa maoni yangu upande wa mzigo ndio wa kuegemea, mradi nahodha ajue kupunguza mafuta kidogo akiwa mtupu. Mwendo uliokosekana asubuhi ni hasara ndogo kuliko injini iliyochoka mwakani.

Kwa wale ambao sauti hupanda badala ya kushuka, mambo mawili yanatosha kuangaliwa. Kwanza, katikati ya propela kuna pete ya mpira inayovunja kishindo. Ikichoka huteleza, lakini kwenye nguvu nyingi tu. Chora mstari kwa rangi kutoka kitovu cha ndani hadi cha nje, nenda majini, rudi uangalie. Mstari ukiwa umeachana, umempata. Pili, injini ikiwa imefungwa juu mno, au mkuku wa boti ukipeleka mapovu moja kwa moja nyuma, propela hushika hewa badala ya maji. Bamba lililo juu ya propela linapaswa kuwa karibu sawa na chini ya boti. Mafundi seremala wa boti wana mkono zaidi katika hili kuliko mafundi wa injini.

Pipa la maji linavyodanganya

Kakamega ina mafundi hodari. Sigalagala, kusini mwa mji, kuna chuo cha kitaifa cha ufundi kinachofundisha umekanika wa magari, na karakana za jua kali mjini haziogopi injini yoyote. Lakini gari likitengenezwa hapo hujaribiwa kwa kupandishwa mlima. Injini ya boti iliyoletwa mbali na ziwa hutumbukizwa mguu ndani ya pipa, mara nyingi propela ikiwa imetolewa, kisha ikawashwa kwa dakika mbili na kutangazwa kuwa imepona.

Kwa ugonjwa huu pipa halithibitishi kitu. Bila propela injini haina mzigo, bila mzigo hainywi mafuta mengi, na bila kunywa sana njia iliyobanwa haijulikani. Zaidi ya hayo hutumia tangi la fundi na paipu ya fundi, yaani nusu ya washukiwa wameachwa ufuoni. Pipa linafaa kuonyesha kwamba pampu ya maji inasukuma na silinda zote zina cheche. Fundi akitaka kuwa na uhakika zaidi akiwa nchi kavu, apime mgandamizo wa kila silinda kwa geji. Silinda mbili zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia kumi, tatizo liko ndani na hakuna usafishaji wa kabureta utakaoliponya.

Kupima madai

Nikiyaweka madai yote kwenye mizani moja, mafuta yatangulizwe, ingawa si kwa sababu ambayo husemwa kwa kawaida. Husemwa kwamba mafuta ndiyo mkosa wa mara kwa mara, na huenda ni kweli. Sababu nzito zaidi ni kwamba katika injini ya mipigo miwili oili husafiri ndani ya petroli. Injini inayonyimwa petroli kwenye kasi inanyimwa na ulainisho wakati huo huo, pale inapouhitaji zaidi. Cheche ikikosekana boti huchelewa. Petroli ikikosekana, nahodha akaendelea kulazimisha mafuta ili afike kabla ya dhoruba ya jioni, pistoni huganda. Kuganda huko hakuhitaji safari nyingi.

Kisha gharama. Kulegeza kifuniko, kubonyeza kimpira, kuazima tangi na paipu ya boti jirani inayokwenda vizuri: vyote ni bure, na hilo la mwisho peke yake huamua nusu ya kesi. Ugonjwa ukiondoka, ni tangi au paipu. Usipoondoka, sehemu zote za kabla ya injini zimeachiliwa huru. Mchirizi wa maji unafuata, kwa kuwa joto nalo huua. Cheche iwe ya tatu, na koili isinunuliwe mpaka ile ya silinda moja ibadilishane nafasi na ya pili ikiwa zinafanana, ionekane kama ugonjwa umehama nayo. Propela ningeiweka mwisho kwa injini iliyoanza kulegea juzi, na mwanzo kabisa kwa injini ambayo haijawahi kuwa na nguvu tangu inunuliwe. Tofauti hiyo, ya iliyopungua na isiyokuwa nayo tangu mwanzo, ni ya pili kwa umuhimu baada ya sauti.

Wapo wanaosema suluhisho ni kuhamia injini za mipigo minne. Hizo hunywa kidogo zaidi, na oili yake hukaa peke yake, kwa hiyo njaa ya petroli haizigandishi kwa urahisi. Ni nzito, bei yake ni kubwa, na zile za kompyuta zikigundua hitilafu hujifungia kwenye mwendo wa chini mpaka zisomwe kwa kifaa ambacho fuo nyingi hazina. Kwa mwenye boti ya abiria anayekwenda kila siku hesabu inaweza kulipa. Kwa mvuvi wa omena anayetoka usiku na kumtegemea fundi wa ufuoni, bado sioni kwamba inalipa.

Linalobaki ni nani alipie jaribio. Fundi hapendi kwenda majini kwa sababu hulipwa kwa spea anazofunga, na mwenye boti hapendi kuchoma petroli bila samaki. Lakini dakika 20 za kasi kamili kwa injini ya farasi 40 ni kama lita sita, fundi akiwa ameketi tezini, mkono mmoja kwenye kimpira na jicho kwenye mchirizi. Mtu aweke bei ya lita hizo sita kando ya bei ya koili moja, kisha aamue kipi anunue kwanza.